Rangi Mpya na Thamani ya Gitaa la Zamani

Siku moja katika likizo ya Agosti, kijana mmoja jirani yangu alinijia akiwa na gitaa la umeme mkononi na karatasi ya msasa mfukoni. Gitaa lile lilikuwa la marehemu babu yake, ambaye katika ujana wake alikuwa akipiga muziki katika hoteli za mjini. Rangi yake ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba kama matope ya mtoni wakati wa kiangazi, na mahali ambapo mkono wa mzee ulikuwa ukiegemea kwa miaka mingi palibaki mti mtupu.

"Mwalimu," akaniambia, "nataka kuliuza gitaa hili nipate karo ya chuo. Nimekuja kuazima brashi. Nikilipaka rangi mpya litapata bei nzuri."

Nilimwomba asubiri siku mbili tatu, kisha nikamketisha barazani nikamweleza mambo ambayo nitayaeleza hapa. Nayaandika kwa sababu naamini kwamba kosa alilokuwa karibu kulitenda hutendwa na watu wengi, nao hulitenda kwa nia njema kabisa.

Maisha hutufundisha sote kwamba kipya ni bora kuliko kikuukuu. Nyumba iliyopakwa chokaa hupendeza kuliko iliyobanduka, na baiskeli iliyosuguliwa huuzwa upesi kuliko yenye kutu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kanuni hii ni ya kweli kwa vyombo vingi vya matumizi, wala sikusudii kuibeza. Walakini historia ya gitaa la umeme yaonyesha kwamba upo wakati ambapo kanuni hii hupinduka. Fundi hutia rangi yake, ustadi wake na saa zake katika kazi, na kwa kazi ile ile akaondoa nusu ya thamani ya kitu alichotaka kukipandisha bei. Tukitaka kujua sababu, hatuna budi kuanza mwanzo.

Gitaa la kawaida hutoa sauti kwa tumbo lake lililo wazi ndani. Tumbo hilo latosha chumbani, lakini katika ukumbi wenye ngoma na tarumbeta sauti yake humezwa isisikike. Mwaka 1931, huko California katika Marekani, George Beauchamp, akishirikiana na Adolph Rickenbacker, alipata njia ya kuondoa udhaifu huo. Walitengeneza gitaa dogo la alumini la kulazwa magotini, na chini ya nyuzi zake za chuma wakaweka sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Uzi ulipotetemeka, mkondo wa umeme ulizaliwa katika waya, ukapelekwa katika kikuza sauti, na watu wote ukumbini wakasikia. Kifaa hicho cha sumaku na waya nitakiita kinasa katika insha hii. Beauchamp alipewa hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1937.

Baada ya hapo mafundi waligundua kwamba, ikiwa sauti hutoka katika kinasa, tumbo wazi si lazima tena. Mmoja wao alikuwa Leo Fender, mwenye duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California, mtu ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1950 alianza kuuza gitaa la ubao mzito usio na uwazi, ambalo shingo yake ilikazwa kwa skrubu nne tu, nalo mwaka 1951 likapata jina la Telecaster. Mwaka 1954 alilifuatisha na Stratocaster, lenye vinasa vitatu na mkono mdogo wa chuma wa kutetemesha nyuzi. Kampuni kongwe ya Gibson, ya mji wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, haikutaka kuachwa nyuma. Mwaka 1952 ilitoa gitaa lililopewa jina la mpiga gitaa mashuhuri Les Paul, lenye uso wa rangi ya dhahabu. Mwaka 1957 Gibson ilitia katika magitaa yake vinasa vipya vilivyobuniwa na mhandisi wake Seth Lover, ambavyo waya wake wa sehemu mbili huondoa mvumo usiotakiwa. Mwaka 1958 rangi ya dhahabu iliachwa, na mahali pake pakaja rangi ya njano katikati, ikikolea kuwa nyekundu pembeni kama mbingu wakati wa kuchwa jua.

Hapa lazima niseme neno juu ya rangi yenyewe, maana ndiyo kiini cha habari. Vanishi iliyotumika katika viwanda hivyo ilitengenezwa kwa nyuzinyuzi za mimea zilizotiwa asidi ya nitriki, kisha zikayeyushwa katika vimiminika vikali. Haikubuniwa kwa ajili ya muziki. Ilipata sifa katika miaka ya 1920, kampuni ya DuPont ilipowauzia rangi ya namna hiyo watengenezaji wa magari, kwa kuwa ilikauka upesi kupita rangi za mafuta zilizotumika kabla yake. Fender alichukua rangi kutoka katika makopo ya magari hayo hayo. Mnunuzi aliyetaka rangi ya pekee aliongeza asilimia 5 ya bei, akapata gitaa lenye wekundu uliokuwa umepaka gari la Ford, au buluu iliyokuwa imepaka gari la Cadillac.

Vanishi hiyo ni nyembamba, nayo haitulii daima. Miaka inavyopita hunywea, hugeuka manjano, hupasuka nyufa kwa baridi na joto, na hulika pale inapoguswa kila siku. Zaidi ya hayo, rangi nyekundu iliyotiwa katika magitaa ya Gibson ya miaka 1958 na 1959 haikustahimili mwanga. Gitaa lililoning'inizwa dirishani mwa duka lilififia likawa la manjano kama asali, na lililofungiwa katika sanduku lake chini ya kitanda lilibaki jekundu. Kwa hiyo magitaa mawili yaliyotoka kiwandani siku moja yakiwa pacha, baada ya miaka 20 hayakufanana tena. Kila moja lilikuwa limeandikwa usoni habari ya mahali lilipokaa.

Wakati huo hakuna aliyeona kwamba jambo hilo lina thamani. Gitaa hilo la Les Paul liliuzwa kwa bei isiyofika dola 300, na watu wengi walilikwepa kwa kuwa lilikuwa zito na lilionekana limepitwa na wakati. Yaliyotengenezwa kwa rangi hiyo ya machweo toka 1958 hadi 1960 hayakufika 2,000. Mwaka 1961 Gibson ililiacha umbo hilo ikaleta jingine jembamba lenye pembe mbili. Basi magitaa yaliyoachwa yakawa mitumba, na vijana wasio na fedha nyingi waliyapata kwa bei nafuu. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Uingereza waliopenda muziki wa buluzi wa Wamarekani weusi. Mwaka 1966 Eric Clapton, akiwa katika bendi ya John Mayall, alirekodi sahani ya santuri kwa gitaa la namna hiyo, na sauti yake nzito iliwashangaza wapiga gitaa wenzake. Mahitaji yakapanda, wala bidhaa haikuwapo. Gibson ilirudisha umbo la zamani mwaka 1968, walakini wapigaji walisema kwamba la zamani ni la zamani.

Upande wa Fender mambo yalikwenda kwa njia nyingine yakafika pale pale. Mwezi wa Januari mwaka 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Katika miaka iliyofuata wapigaji wengi waliona kwamba kazi ilifanywa kwa haraka zaidi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 vanishi ile nyembamba ilibadilishwa kwa nyingine nene ya namna ya plastiki. Hapo watu wakaanza kuuliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa juu ya gitaa la umeme: Je, hili lilitengenezwa kabla ya mauzo yale au baada yake? Swali hilo lilipoulizwa, soko la magitaa ya zamani likazaliwa.

Lakini kabla ya soko hilo kukomaa, magitaa mengi yalikuwa yamekwisha kubadilishwa. Tusiwahukumu haraka waliofanya hivyo. Kwao gitaa lilikuwa chombo cha kazi, kama jembe au cherehani. Mwaka 1968 John Lennon na George Harrison wa bendi ya Beatles waliondoa vanishi yote katika magitaa yao ya Epiphone, wakiamini kwamba mti ukiwa mtupu utatoa sauti vizuri zaidi, na vijana wengi walifuata mtindo huo wa kuonyesha mti katika miaka ya 1970. Mwaka 1972 Larry DiMarzio alitoa kinasa chenye nguvu kuliko vya kiwandani, na watu wengi wakang'oa vinasa vyao vya asili ili watie kipya. Mwaka 1979 Floyd Rose alipewa hataza ya mkono wa kutetemesha nyuzi ulioweza kuzifunga zisipoteze sauti, na ili kuutia mkono huo mafundi walichukua patasi na keekee wakachimba matumbo ya magitaa ya miaka ya 1950. Mpigaji alitaka sauti ya usiku ule na kazi ya kesho yake. Vumbi la mti liliangukia sakafuni likafagiwa.

Sasa tutazame hesabu ya soko ilivyo katika siku zetu. Gitaa la Gibson la Les Paul la mwaka 1959, likiwa na rangi yake na viungo vyake vyote vya asili, huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. La aina hiyo hiyo lililopakwa upya, hata kama fundi wake alikuwa hodari na rangi yake yapendeza kuliko ya kwanza, kwa desturi ya wauzaji hukadiriwa kwa takriban nusu ya bei hiyo. Kanuni ya nusu hutumiwa vilevile kwa magitaa ya Fender ya miaka ya 1950 na 1960. Si sheria iliyoandikwa, na kila gitaa hupimwa lenyewe, lakini ni kanuni ambayo muuzaji yeyote wa vitu hivi huijua.

Mabadiliko mengine hupimwa kwa kipimo kingine, nacho ni hiki: Je, laweza kurudishwa kama lilivyokuwa? Vigingi vya kukazia nyuzi vikibadilishwa pasipo kutobolewa tundu jipya, na vile vya asili vikawekwa katika bahasha, hasara ni ndogo, maana mchana mmoja watosha kuvirudisha. Vinasa vya asili vikitolewa vikapotea, hasara ni kubwa, kwa kuwa vinasa vya Seth Lover vya miaka hiyo peke yake huuzwa kwa maelfu ya dola. Lakini mti ukichimbwa haurudi. Waweza kuziba shimo kwa kipande cha mti na kulipaka rangi juu, na bado shimo lile litakuwapo chini yake daima. Shingo iliyovunjika ikaungwa kwa gundi huingia katika fungu hilo hilo, hata ikiwa kiungo ni imara kuliko mti wenyewe. Vile vipande vyembamba vya chuma vilivyolazwa shingoni, ambavyo vidole hubana nyuzi juu yake, husamehewa vikibadilishwa kwa kazi nzuri, kwa sababu kila ajuaye jambo hili hukubali kwamba huchakaa kwa kutumika, kama soli za viatu.

Msomaji aweza kuuliza: mnunuzi atajuaje kwamba rangi si ya asili, ikiwa fundi alikuwa stadi? Hapa ndipo kazi ya mnunuzi hufanana na kazi ya mwanahistoria. Hataki kuambiwa, hutafuta ushahidi. Kwanza hufungua skrubu na kuitenga shingo ya Fender na kiwiliwili chake, kwa kuwa mafundi wa kiwanda kile walikuwa na mazoea ya kuandika tarehe kwa penseli mwishoni mwa shingo. Kisha hutazama vitufe vya kuongezea sauti upande wa ndani, ambavyo vimepigwa tarakimu. Mathalani, tarakimu 1376225 husomwa hivi: 137 ni alama ya kiwanda cha CTS, 62 ni mwaka 1962, na 25 ni juma la 25 la mwaka huo. Gitaa lisemwalo kuwa la mwaka 1960 halitakuwa na kitufe hicho isipokuwa kimetiwa baadaye.

Juu ya rangi yenyewe, mchunguzi huizima taa na kuliangazia gitaa kwa mwanga wa zambarau usioonekana vizuri kwa macho. Chini ya mwanga huo vanishi ya zamani huwa na mng'ao hafifu wa kijani na manjano, na sehemu iliyoguswa na rangi mpya hubaki nyeusi kama kiraka katika kanzu. Aidha, Fender ilikuwa na desturi ya kupigilia misumari midogo katika ubao ili uweze kugeuzwa na kukaushwa pasipo kugusa meza. Misumari iling'olewa baada ya rangi kukauka, kwa hiyo ndani ya vitundu vyake hakuna rangi. Mtu akikuta vitundu vimejaa rangi, hujua kwamba brashi au bomba la rangi lilipita tena baada ya gitaa kutoka kiwandani. Vilevile huangalia lehemu ya nyaya, maana lehemu iliyoguswa mara ya pili haifanani na ile ya kwanza.

Nadhani sasa twaweza kujibu swali tulilolianza. Wanunuzi hawalipi kwa ajili ya urembo, maana kama urembo ndio unaouzwa, gitaa jipya la leo lingewatosha. Wala hawalipi kwa ajili ya sauti peke yake, kwa kuwa wapigaji wazuri wamekiri mara nyingi kwamba gitaa lililopakwa upya hulia vizuri sawa na ndugu yake, na kwa sababu hiyo wengi wao hulinunua hilo la nusu bei wakafurahi nalo. Kinacholipiwa ile nusu ya pili ni ushahidi. Rangi ya asili ni shahidi aliyekuwapo. Ametoka mikononi mwa wafanyakazi wa Kalamazoo au Fullerton, na tangu siku ile hakuna aliyembadilishia maneno. Ukimsugua kwa msasa umemnyamazisha, na shahidi aliyenyamazishwa hawezi kufufuliwa na rangi yoyote.

Jibu hili huthibitishwa na mambo ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kulipinga. Zingatia habari ya gitaa jeusi la David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd. Ni Stratocaster la mwaka 1969 alilolinunua New York mwaka 1970. Kwanza halikuwa jeusi. Lilitoka kiwandani na rangi ya machweo, kisha likapakwa weusi kabla hajalinunua. Baadaye yeye mwenyewe na mafundi wake walilibadilisha shingo mara kadhaa, wakatia vinasa vingine, wakatoboa matundu, wakaziba matundu. Kwa kanuni niliyoieleza, gitaa hilo lingekuwa la thamani ndogo. Walakini mwezi wa Juni mwaka 2019 liliuzwa katika mnada wa Christie's mjini New York kwa dola 3,975,000, na fedha zake zikatolewa kwa shirika la kutetea mazingira. Hali kadhalika gitaa la Eric Clapton aliloliita Blackie halikuwa gitaa moja hata kidogo. Aliliunga kwa viungo vya magitaa matatu ya miaka ya 1950 aliyoyanunua Nashville mwaka 1970, nalo mwaka 2004 liliuzwa kwa dola 959,500 kwa ajili ya nyumba ya kuwatibu walevi na watumiaji wa madawa ya kulevya.

Je, kanuni imevunjika? La, haikuvunjika. Katika magitaa hayo tundu na kiraka ndivyo ushahidi wenyewe. Shimo alilotoboa mtu fulani mwaka fulani ili apate sauti fulani, sauti ambayo mamilioni ya watu wameisikia katika sahani, ni ukurasa wa historia. Mtu ambaye angelirudishia gitaa la Gilmour rangi ya machweo ili liwe "la asili" angekuwa ameliharibu. Hivyo twajifunza kwamba mabadiliko hayaondoi thamani kwa sababu ni mabadiliko. Huiondoa yanapofuta habari iliyojulikana na kuacha mahali pake kimya.

Upo mfano mwingine wa namna hiyo. Mara kwa mara kiwanda cha Fender chenyewe kilichukua gitaa lililokwisha kupakwa rangi ya machweo, kikalipaka rangi nyingine juu yake, kisha kikaliuza kama jipya. Mchunguzi akikwaruza atakuta rangi juu ya rangi, kama vile katika gitaa lililopakwa na fundi wa mtaani. Lakini ikithibitika kwamba tabaka zote mbili ni kazi ya kiwanda, thamani haishuki. Tendo lilikuwa moja na rangi ilikuwa moja, ila mkono na wakati vilitofautiana, na bei hufuata mkono na wakati.

Mahali penye thamani kubwa hapakosi hila. Bei za magitaa ya miaka ya 1958 hadi 1960 zilipopanda, watu walianza kuchukua magitaa ya Les Paul ya miaka ya nyuma, yenye uso wa dhahabu, wakaondoa rangi hiyo na kuyapaka rangi ya machweo. Wengine walifanya hivyo waziwazi na kuyauza kwa jina lake la kweli, na hao hawana lawama ya uongo. Wengine waliyauza kama ya mwaka 1959. Tena magitaa ya aina nyingine ya miaka hiyo, mazima na mazuri kwa namna yake, yaling'olewa vinasa ili vikamilishe magitaa ya bei kubwa zaidi, mfano wa mtu abomoaye nyumba ya jirani apate mlango wa nyumba yake. Kwa njia hii tamaa ya kukusanya vitu vya asili imeharibu vitu vya asili. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila apendaye historia, maana kupenda vitu vya kale si sawa na kupenda ukweli.

Nasi tusisahau haki ya wale wa zamani. Mpiga gitaa wa mwaka 1975 aliyechukua patasi hakuwa mjinga, na wala hakuharibu hazina, kwa sababu siku ile gitaa lake halikuwa hazina. Alikuwa na chombo chake, amekilipia, akakirekebisha kwa kazi yake. Huenda nyimbo alizozipiga ndizo zilizofanya magitaa ya aina ile yatafutwe baadaye. Sisi tunajua mwisho wa habari naye hakuujua. Kumlaumu ni kumdai deni ambalo halikuwapo alipokuwa hai. Swali linalotuhusu ni moja tu: sisi tunaojua tutafanya nini?

Kwa maoni yangu wajibu wetu ni mwepesi kuutaja. Kabla ya kurekebisha kitu cha zamani, ulizia kwanza ni kitu gani. Ikiwa lazima kubadilishwa ili kitumike, chagua njia iwezayo kurudishwa, na kiungo ulichokitoa ukihifadhi pamoja nacho. Andika ulichokifanya na tarehe yake, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Nawe ukikiuza, mwambie mnunuzi yote. Gitaa lililopakwa upya na kusemwa hivyo ni gitaa halali lenye bei yake halali. Lililopakwa upya na kufichwa ni uongo wenye nyuzi sita.

Kijana yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba bisibisi badala ya brashi. Tulilifungua gitaa la babu yake pale pale barazani juu ya gazeti. Hatukukuta hazina. Lilikuwa gitaa la bei rahisi la kiwanda kisicho na jina kubwa, na kinasa kimoja kilikuwa kimebadilishwa na fundi fulani wa redio aliyetia lehemu nyingi kuliko ilivyohitajika. Lakini ndani yake, chini ya kipande cha plastiki, mzee alikuwa ameandika jina lake kwa penseli, na chini ya jina orodha ya nyimbo nne. Kijana aliyasoma maneno yale mara mbili. Bei aliyotajiwa baadaye na wanunuzi isingetosha karo ya muhula mmoja, hivyo familia ilikubaliana kutafuta fedha kwa njia nyingine, na mjomba wake akachanga sehemu kubwa. Gitaa limetundikwa ukutani kwao likiwa na nyufa zake zote, na msasa ule ulitumika kulainisha dawati.